Hujambo ya Zahanatini: Somo Juu ya Karatasi Fupi za Maswali ya Afya



Wengi wenu mtakumbuka Jumapili ile wauguzi walipofika kanisani kwetu kutupima presha na sukari baada ya Ibada ya pili. Kabla ya kupimwa, kila mtu alipewa karatasi moja yenye maswali tisa, akaombwa atie alama penye jibu lake. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliogawa kalamu. Karatasi ziliporudi, muuguzi mkuu alizipitia moja moja, akazigonga mezani zikae sawa, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mbona hapa kwenu hakuna mgonjwa?" Karibu zote zilikuwa sifuri kutoka juu hadi chini. Katika zile chache zilizobaki, mbili zilifanana kabisa, na wenyewe walikuwa wameketi benchi moja. Nimesahihisha mitihani kwa zaidi ya miaka thelathini, najua maana ya jambo hilo.

Nilipomsimulia Mhariri alicheka sana, halafu akasema niandike somo. Ndilo hili.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Tunapoamkiana twasema "Hujambo?" yaani, je, huna jambo? Na jibu limekwisha kutayarishwa: "Sijambo", sina jambo. Wanachuo wangu walikuwa wakistaajabu kila nilipowachambulia salamu hii, kwa kuwa walikuwa wakiitumia tangu utoto bila kuona kwamba swali limebeba jibu lake mgongoni. Ukimwuliza mtu habari za nyumbani atakujibu "Nzuri", na baada ya kuketi na kunywa maji ndipo atakapokwambia kwamba juzi wamezika. Huo si uongo. Ni adabu, maana mgeni hapokewi mlangoni kwa msiba.

Adabu hiyo yafaa sana barazani. Shida ni kwamba twaibeba mpaka chumba cha daktari. Daktari auliza, "Unaendeleaje, Mama?" nasi twajibu, "Namshukuru Mungu." Auliza, "Dawa unameza?" "Nameza." Naye ana watu arobaini wanaongoja nje kwenye viti vya ukutani, basi aandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, nasi twaondoka. Mashine ya presha haina adabu, husema kilichopo. Lakini yako mambo ambayo mashine haiwezi kuyapima: usingizi, maumivu, uchovu, huzuni, kama waweza kuinama kufagia uwanja, kama wameza dawa ukiwa peke yako chumbani. Kwa mambo hayo chombo pekee ni kukuuliza wewe. Na kwa kuwa salamu imekwisha kuliharibu swali la kawaida, wataalamu wametunga maswali ya namna nyingine.

Maswali hayo kwa pamoja huitwa dodoso. Dodoso fupi laweza kuwa na maswali manne, matano, tisa au ishirini, na kulijaza ni kazi ya dakika chache tu. Tofauti yake na mazungumzo ni kwamba kila mgonjwa huulizwa maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, juu ya muda uliotajwa waziwazi, na majibu hugeuzwa kuwa namba ambayo yaweza kulinganishwa na namba ya mwezi ujao.

SIKU SABA ZILIZOPITA

Marehemu mume wangu aliishi na presha miaka mingi. Kila mwezi tulikwenda kliniki pamoja, kila mwezi aliulizwa kama anameza dawa, naye alijibu ndiyo, nami niliitikia kwa kichwa kumuunga mkono, kwa sababu vidonge nilivinunua mimi. Presha haikushuka. Daktari akaongeza dozi, haikushuka. Akaongeza dawa nyingine. Ikashuka kidogo, ikapanda tena.

Siku moja tulimkuta muuguzi kijana, binti wa umri wa wajukuu zetu, ana karatasi yake mkononi. Yeye hakuuliza kama Mzee anameza dawa. Alisema, "Babu, katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi ulimeza dawa zako zote?" Mzee akaanza kama kawaida, "Nameza, mwanangu." Yule binti akasema kwa upole, "Ndiyo, Babu. Siku ngapi?" Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Akarudia tena tangu mwanzo. Akanyamaza. Kisha akasema, "Tatu."

Niligeuka kumtazama kama niliyemwagiwa maji.

Kumbe katika vile vidonge kilikuwamo kimoja cha kutoa maji mwilini, ambacho humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Sasa ninyi mnaijua Barabara ya Bagamoyo. Ukipandia daladala Tangi Bovu kwenda Posta, foleni ikikaza waweza kukaa saa mbili ndani ya gari, na konda hasimamishi kwa ajili ya haja ya mzee mmoja. Basi kila siku aliyokuwa na safari ya mjini kufuatilia pensheni yake, hakumeza. Jumapili hakumeza, kwa kuwa Ibada ni ndefu na yeye alikuwa akiketi mbele na wazee wa kanisa. Na kwa kuwa hakujua kidonge ni kipi, siku hizo aliviacha vyote. Aliona haya kumwambia daktari. Aliona haya kuniambia hata mimi, mkewe wa miaka thelathini na sita.

Daktari alipoelezwa hakumgombeza. Alimwonyesha kile kidonge, akampangia saa nyingine ya kukimeza siku za safari, na miezi miwili baadaye presha ilipotulia akaiondoa ile dawa aliyoiongeza. (Huo ulikuwa mpango wa mgonjwa wake yule. Wewe mwulize wako, usijipangie saa kwa kusoma gazeti la kanisa.) Kwa karibu mwaka mzima tulikuwa tukinunua dawa ya kutibu neno "ndiyo".

Nimefundisha walimu kutunga maswali, nami nakiri kwamba swali la binti yule lilishinda mengi ya kwangu. Halikuuliza tabia ya Mzee, liliuliza hesabu. Lilitaja muda mfupi ambao hata mtu wa miaka sabini aweza kuukumbuka siku kwa siku. Wala halikumlazimisha kukiri kosa, maana "tatu" ni namba tu, haina dhambi ndani yake. Nikakumbuka utoto wangu, mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima walikuwa wakikusanyika kusikiliza redio na kujadili usafi. Msimamizi wa kikundi cha kijijini kwetu aliuliza nani ana choo. Mikono yote ikainuka. Akasema, "Basi twende tukavione." Mikono ikashuka mmoja mmoja. Swali zuri ni lile lenye "twende tukavione" ndani yake.

Maswali ya siku saba kwa ajili ya watu wenye kisukari yalikusanywa huko Marekani na Deborah Toobert na wenzake, wakayachapisha mwaka 2000. Huuliza ni siku ngapi kati ya saba ulifuata mpango wako wa chakula, ulifanya mazoezi nusu saa, ulipima sukari, na ulikagua miguu yako. Hili la miguu watu huliona dogo. Kisukari kikikaa mwilini huua hisia za nyayo, hata mtu aweza kukanyaga msumari au kuungua kwa mchanga wa jua kali asijue, na kidonda kikaanza kimya kimya ndani ya kandambili. Ninyi mlio na kisukari, jihesabieni sasa hivi, kabla ya kuendelea kusoma: wiki hii mmetazama nyayo zenu siku ngapi?

Kabla ya hapo, mwaka 1986, Donald Morisky na wenzake walitoa maswali manne tu juu ya dawa. Je, huwa unasahau kumeza? Je, huwa unazembea saa za kumeza? Ukijisikia nafuu, huacha? Na ukijisikia vibaya kwa sababu ya dawa, huacha? Tazameni ujanja wake: hapo jibu la "ndiyo" ndilo linalofichua tatizo. Walijua kwamba binadamu hupenda kuitikia, wakaugeuza mtego upande wa pili.

KISWAHILI NA MASWALI YA WENGINE

Hapa sina budi kusema kama mwalimu wa lugha, mnisamehe nikikaa kidogo.

Madodoso mengi yametungwa kwa Kiingereza, na kuyaleta katika Kiswahili si kazi ya kubadili neno kwa neno. Chukueni swali la kukanusha. Mwingereza akiulizwa kama hakulala, akajibu ndiyo, ana maana kwamba alilala. Sisi tukiulizwa "Hukulala?" tukajibu "Ndiyo", tuna maana kwamba ndivyo, hatukulala. Jibu moja, maana mbili zinazopingana, na karatasi haiwezi kujua aliyejibu alifikiri kwa lugha gani. Kwa hiyo mtafsiri mwerevu huyakimbia maswali ya kukanusha kabisa.

Au chukueni maneno "zaidi ya nusu ya siku". Katika karatasi ya maswali tisa maana yake ni zaidi ya siku saba kati ya zile kumi na nne. Lakini mama aliyetoka sokoni atasikia "zaidi ya nusu siku", yaani tangu asubuhi hadi baada ya mchana. Nimemsikia mtu akijibu hivyo hivyo: "Hapana, huzuni hainikai nusu siku, hunishika jioni tu." Jioni tu, lakini kila jioni! Alistahili alama tatu, akajipa sifuri. Ukiongeza neno dogo, "nusu ya siku hizo", kosa lapungua, na likisomwa kwa sauti na kuelezwa, laondoka.

Liko dodoso maarufu la Kimarekani lenye maswali thelathini na sita, lililochapishwa mwaka 1992, ambalo ili kujua nguvu za mwili wako huuliza kama waweza kusukuma mashine ya kunyonya vumbi au kucheza gofu. Jiulize ungemwuliza nini badala yake mama wa Temeke: kubeba ndoo ya maji? kutwanga? kupanda daladala yenye ngazi ndefu? Dodoso hilo lilitafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi ya kulijaribu ilifanyika hapa hapa Dar es Salaam, kwa watu zaidi ya elfu tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Nasema hivi ili msidhani kwamba karatasi hizi zimeokotwa tu. Karatasi ya kweli hujaribiwa kwanza: watu wale wale huijaza, kisha huhojiwa kwa kirefu na mtaalamu, halafu hutazamwa kama karatasi na mtaalamu wanakubaliana.

Muhimbili wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2002 Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kujaribu dodoso la kigeni la maswali ishirini na matano kwa akina mama wajawazito wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Halafu mwaka 2008 wakachapisha matokeo ya dodoso la maswali kumi na tisa la hapa nyumbani, lenye jina la jiji letu la Dar es Salaam. Zimbabwe walikuwa wamefanya kazi ya namna hiyo mwaka 1997, ambapo Vikram Patel na wenzake walitunga maswali kumi na manne kwa lugha ya Kishona. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Nasi hapa mtu hasemi "nina ugonjwa wa huzuni"; husema "nina mawazo", au moyo wake ni mzito, au kichwa chawaka moto. Asiyeuliza kwa maneno hayo atatoka mikono mitupu. Siku hizi redioni mnasikia neno sonona, lililotokana na kusononeka. Ni neno zuri, lakini bado ni la redioni. Sijamsikia mtu akilisema bombani.

MASWALI TISA

Sasa turudi kwenye karatasi ya Jumapili ile. Ilitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na makala ya kuithibitisha ilitoka mwaka 2001. Kwa Kiswahili imejaribiwa Eldoret, Kenya, matokeo yakatolewa mwaka 2009, na hapa Tanzania mwaka 2019. Huuliza juu ya wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni au kukata tamaa, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutuliza akili hata kwa kusoma gazeti, kuwa mzito sana au kutotulia, na la tisa, kuwaza kwamba ingekuwa heri ufe, au kutaka kujidhuru. Hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku hizo ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ya juu ni 27. Ukifika 10 au zaidi, yafaa mtaalamu akae nawe.

Kama mwalimu nina lawama moja. Swali la usingizi huuliza kukosa usingizi au kulala mno, yote pamoja, na la chakula vivyo hivyo. Chuoni tulikuwa tukisema swali moja jambo moja, na mwanachuo angekatwa alama. Watungaji watajibu kwamba lolote kati ya mawili hayo ni dalili, na kweli ni dalili. Lakini msomaji huduwaa. Ujue basi: likikupata mojawapo tu, hesabu siku zake.

Mume wangu alifariki mwaka wa tatu baada ya habari ile ya vidole, kwa ugonjwa mwingine. Miezi saba baadaye nilikwenda kliniki kwa ajili ya presha yangu mwenyewe, nikapewa karatasi hii. Nilijaza sifuri tisa, kwa mwandiko mzuri. Mwalimu hashindwi mtihani. Tena mimi ni mtu wa Umoja wa Mama, ndiye niliyekuwa nikiwatembelea wafiwa na kuwaambia wajipe moyo. Nilidhani kuandika namba nyingine ni kumnung'unikia Mungu.

Muuguzi aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Mama, hii umejaza kama salamu." Akaichukua kalamu, akavuta kiti karibu, akasoma mwenyewe pole pole. Jana uliamka saa ngapi? Saa tisa usiku. Juzi? Saa tisa. Wiki iliyopita? Saa tisa, kila siku. Nalala upande wangu wa kitanda nikisikiliza pikipiki za barabarani mpaka adhana ya alfajiri. Akaandika 3. Huzuni, 3. Uchovu, 2. Hamu ya mambo, 2. Tangu mazishi nilikuwa sijafungua kitabu. Chakula, 2, maana kupika kwa ajili ya mtu mmoja kulinishinda. Jumla kumi na mbili.

Swali la tisa nilijibu sifuri, na ilikuwa kweli. Lakini nilikawia. Yule muuguzi aliona kwamba nimekawia, akaweka kalamu chini, akaliuliza tena kwa maneno yake mwenyewe, na tukazungumza hata chai ya saa nne ikampita.

Sikupewa kidonge. Nilipangiwa kwenda kila wiki kuzungumza na muuguzi mwenye mafunzo ya afya ya akili. Baada ya wiki nane nikajaza tena: sita. Wataalamu huhesabu kwamba kushuka kwa alama tano au zaidi ni nafuu ya kweli, si bahati ya siku. Kasisi nilipomweleza habari ya kunung'unika, aliniuliza tu nimesoma Zaburi mara ngapi maishani, na kama sijaona jinsi zilivyojaa manung'uniko.

Sasa hayo msiyachukue kupita kiasi. Karatasi hii haijui kwamba umefiwa. Ukiijaza wiki mbili baada ya mazishi, mtu yeyote mwenye moyo atapata alama nyingi, wala si mgonjwa. Haijui kwamba una malaria au upungufu wa damu. Uchovu wa damu nao utahesabiwa humo. Alama kumi na mbili si jina la ugonjwa. Ni sababu ya mtu kuvuta kiti karibu. Na ikiwa anayekupa karatasi hana muda wa kuvuta kiti, hata alama ishirini hazitakusaidia. Nimeona karatasi zilizojazwa vizuri zikifungwa kwenye faili bila kutazamwa, nayo ni kazi bure kwa mgonjwa na kwa muuguzi.

Isipokuwa lile la tisa. Ukitia pale namba yoyote isiyo sifuri, hata 1, hata kama jumla yako ni ndogo, usiondoke kliniki siku hiyo kabla hujazungumza na mtu. Nao wanapaswa wasikuache uondoke. Na ukiambiwa jambo hilo na jirani au mwanao, usimkemee wala usimhubirie. Kaa naye, kisha mpelekeni pamoja.

KOSA LETU LA JUMAPILI ILE

Nilianza kwa kuwacheka wenye sifuri. Nimefikiri zaidi, na kosa halikuwa lao. Tuliwapa watu karatasi inayouliza kama wanatamani kufa, tukawaketisha benchi moja na mama mkwe, jirani na mwalimu wa kwaya. Nani angeandika kweli? Wako wasioona vizuri waliosomewa na watoto wao kwa sauti. Wako waliodhani majina yatasomwa mbele pamoja na sadaka. Mimi mwenyewe niliyepita nikikusanya nilikuwa nazitazama! Chuoni ningemwadhibu msimamizi wa namna hiyo.

Kwa hiyo ukipewa karatasi ya namna hii mahali popote, una haki ya kuuliza nani ataisoma, itawekwa wapi, na kama waweza kukaa pembeni. Usipoelewa swali, omba lisomwe tena, usikisie. Na usijibu kwa mwaka mzima wala kwa maisha yako yote, jibu kwa zile siku zilizotajwa tu.

ZOEZI LA NYUMBANI

Lipo dodoso la maswali matano lililotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1998, ambalo lenyewe haliulizi maradhi bali heri. Kwa Kiswahili limejaribiwa Kilifi, pwani ya Kenya. Kwa maneno yangu, lauliza hivi. Katika wiki mbili zilizopita, ni kwa kiasi gani ulikuwa mchangamfu? Ulikuwa mtulivu? Ulijisikia una nguvu? Uliamka ukiwa umepumzika? Na siku zako zilikuwa na mambo yanayokuvutia? Kila swali lina alama kuanzia 0, yaani hata mara moja, hadi 5, yaani wakati wote. Jumlisha, kisha zidisha kwa 4, upate alama katika mia. Mathalani 3 na 2 na 3 na 1 na 2 ni 11. Mara 4 ni 44. Ikiwa chini ya 50, ipeleke namba hiyo kliniki, uwaambie umeipataje.

Lijaze usiku, mlango umefungwa. Wenye dawa za kila siku wachore pia vyumba saba, Jumapili hadi Jumamosi, watie alama kila siku waliyomeza zote, na kando ya siku walizoacha waandike sababu kwa neno moja: safari, fedha, kusahau, kichefuchefu. Neno hilo moja daktari atalitumia kuliko yote mtakayomwambia.

Wauguzi wameahidi kurudi. Safari hii wataketi ndani ya vestri, na watu wataingia mmoja mmoja, nami sitagusa karatasi ya mtu. Njooni na kalamu zenu, maana zile nilizoazima kutoka shule ya Jumapili hazikurudi zote.